Amani Ingoje Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimenyoa ndevu. Chai bila maziwa. Mke wangu anasema maziwa yameisha. Mimi nasema yameisha kwa sababu kaka yake alikuja jana nikiwa sipo. Akaenda kuosha vikombe vya jana. Vilikuwa viwili.

Kikao cha wafanyakazi wa redio saa tatu. Nilifika saa tatu kasoro kumi. Wengine walifika wanavyojua wao. Mkurugenzi wetu, mama mwenye sauti ya upole na macho ya mkaguzi, alitangaza kwamba tutaanzisha kipindi cha amani kila Jumamosi. Alisema mji umeanza kuchacha. Mafundi cherehani na mafundi viatu wanaotumia kibaraza kimoja pale sokoni hawasalimiani tangu mvua za mwanzo. Mafundi viatu wengi wanatoka ng'ambo ya daraja, mafundi cherehani ni wa upande huu, na sasa watu wameanza kusema "sisi" na "wale". Kuna watu wa upande huu wanaona heri watembee na kiatu kilichotoboka kuliko kukipeleka kwa "wale". Mkurugenzi alisema redio isingoje mpaka mtu ainame kuokota jiwe.

Jumamosi hii ni majaribio. Mgeni kutoka shirika linalosaidia redio ndogo ndogo atakaa studioni kusikiliza. Atakayewaleta wakuu wa pande zote mbili mbele ya kipaza sauti, wakapeana mikono hewani, ndiye atakayekabidhiwa kipindi.

Niliinua mkono kabla sentensi haijafika mwisho. Asali naye akainua wake. Asali ni mtangazaji wa salamu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti yake, na sauti ndiyo mali yake yote. Mpangilio hana. Hata kalamu hana, huazima yangu.

Niandike hapa kwa ajili ya kumbukumbu. Huu ni mwaka wa sita nasoma tanzia, kila siku saa saba mchana. Misiba elfu mbili na ushee imepita kinywani mwangu, wala sijakosea jina la marehemu. (Mara moja nilikosea, lakini yule alikuwa hai na alinisamehe.) Shukrani yangu ni ipi? Mji mzima unaniita Tanzia. Nikiingia dukani watu wananyamaza. Mwaka jana nilimpigia hodi mwalimu mkuu, nikitaka kuuliza habari ya kitabu cha mwanangu kilichopotea. Mke wake aliponiona akaachia sinia likaanguka, akaanza kulia kabla sijatoa hata salamu.

Nimechoka. Nataka watu wasikie sauti yangu wafurahi. Hata mmoja tu.

Mkurugenzi akaamua nijaribu mimi kwanza. Nikishindwa, Asali yupo. Asali akanitakia kila la heri, "kaka Tanzia." Halafu akaazima kalamu.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alicheka. Fundi mitambo ni shemeji yangu, yule yule kaka wa mke wangu, mnywa maziwa. Huu ni mwezi wa tatu hatusemezani. Aliazima ngazi yangu ikiwa na vidato tisa, akairudisha ina vinane, kisha akasema ilikuwa hivyo hivyo. Ninayo shajara. Siku niliyoinunua niliandika: ngazi, vidato tisa. Kazini tunaelewana kwa ishara za mikono. Mambo marefu hupitia kwa mke wangu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umekamilika. Nimeupigia mistari kwa rula.

Kwanza, saa. Nimechagua saa saba mchana. Mkurugenzi aliuliza kwa nini isiwe jioni, watu wakiwa wametulia. Nikamweleza kwamba nimefanya utafiti: saa saba hakuna redio iliyozimwa mji huu. Wenye migahawa hugonga meza kwa kijiko ili wateja wanyamaze. Likitajwa jina la mtu wao, wanaizima redio hapo hapo, hawangoji sentensi ya pili, na wanaanza kuazimana viti vya msibani. Kipindi gani kingine kina wasikilizaji makini namna hiyo? Tanzia zitasogea saa nane, siku hiyo moja tu. Mkurugenzi alisitasita, akakubali.

Pili, Mzee Soli. Ndiye mkuu wa mafundi viatu, na jina hilo alipewa na wateja. La kuzaliwa hakuna anayelikumbuka. Nilipofika kibarazani na kinasa sauti changu, vijana wake wakavua kofia. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, nani tena? Nikasema hakuna aliyekufa. Hawakuamini. Wakanivutia kigoda. Mmoja akamshika Mzee Soli begani akamwambia ajikaze, ndiyo dunia.

Ilinichukua robo saa kuwatuliza.

Mzee Soli huongea na misumari mdomoni. Alinieleza chanzo. Harufu ya gundi yao iliingia kwenye gauni la harusi lililotundikwa upande wa pili. Bibi harusi akapiga chafya tangu mlangoni hadi kwenye keki. Mama Pindo, mkuu wa mafundi cherehani, akasimama mbele ya wateja akasema watu wa ng'ambo hawajawahi kuonja hewa safi. Mzee Soli akamjibu kwamba watu wa upande huu ni hodari wa kushona kwa sababu wana mengi ya kufunika.

Nilikuwa naandika kwa furaha. Ugomvi safi, wenye mwanzo na katikati. Mara Mzee Soli akatema misumari kiganjani, akasema ukweli ni kwamba amechoka. Gundi ataihamishia nyuma ya jengo. Neno lake lile lilikuwa baya, analijua. Akanituma nimwambie Mama Pindo yamekwisha. Tena niende sasa hivi, si hatua ishirini tu? Akanipa na kiatu chake Mama Pindo, cha kushoto, kilichokuwa kwake tangu kabla ya ugomvi. Amekitia soli mpya bila kuombwa.

Jumanne! Nani anapatana Jumanne? Wakipatana leo, Jumamosi watapeana mikono kwa ajili ya nini? Mgeni atoke kwao kote huko aje kusikiliza watu wawili wanaopendana?

Nilimwambia nitafikisha. Sikusema lini. Kiatu nimekitia kwenye mkoba.

Jumatano, 11 Juni

Kwa Mama Pindo. Nilipopanda kibaraza upande wao, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, kama panzi wanaposikia hatua. Mtu akaniletea maji. Mama Pindo, mkanda wa kupimia shingoni, alisimama akashika ukuta. Akaniamuru niseme haraka, ni nani, nisimzungushe.

Nikasema nimekuja kwa habari za amani. Akasonya. Akasema nimempunguzia miaka mitatu ya kuishi, na kwamba mtu kama mimi ningetembea na filimbi ya kupuliza kwa mbali, watu wapate kujiandaa. Wenzake wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Baadaye akaniuliza kwa namna ya kujifanya hajali: yule mzee hajasema kitu? Nikajibu kwamba Mzee Soli ni mtu wa maneno machache. Huo si uongo. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuwa na maneno mengi.

Akaukunja mkanda wake. Kisha akasema basi, ukubwa ni jalala, atatangulia yeye. Nimwambie lile neno la hewa safi lilimtoka kwa hasira, na kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa ng'ambo. Akanipa suruali ya Mzee Soli iliyokuwa kwake tangu enzi walizokuwa wakisalimiana. Ameipinda na kuipiga pasi. Nimpelekee sasa hivi.

Sasa hivi, sasa hivi! Hawa watu hawana nidhamu hata kidogo. Mtu unapanga kuwapatanisha, unaandaa maswali kumi na mawili, unachagua muziki, nao wanapatana mgongoni kwako kama watoto. Mkoba umejaa. Nimerudi kwa njia ya nyuma ya ghala, nisipite mbele ya yeyote kati yao.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo yanakwenda vizuri. Nilipopita sokoni asubuhi, kwa mbali, niliona mafundi cherehani wametundika shuka nne katikati ya kibaraza, kutoka paa hadi sakafu. Wanasema Mama Pindo alijishusha, akanyamaziwa. Hawezi kujishusha mara mbili. Upande wa pili wanasema Mzee Soli aliomba radhi na kiatu juu, hata asante hakupata. Mafundi viatu wamesogeza makopo yote ya gundi hadi kwenye shuka na kuyafungua.

Huu sasa ndio ugomvi. Jumamosi utakuwa umeiva.

Ila kuna Asali. Alinisimamisha koridoni akiwa na kadi ya salamu mkononi. Imeletwa na kijana wa Mzee Soli. Imeandikwa: kwa Mama Pindo wa sokoni, je, kiatu kilifika? Asali alitaka kujua ni kiatu gani, kwa sababu kinamgusa moyo. Anakusudia kuisoma kesho asubuhi.

Nilimweleza kwa utulivu kwamba salamu zisiingilie amani. Kila kipindi kina mipaka yake. Akasema hajaelewa salamu zinaharibuje amani. Kwa kweli mtu huyu hana elimu ya utangazaji. Alipoomba kalamu nikampa, na alipoinama kuandika nikaichukua ile kadi kwa usalama. Iko mkobani.

Nyumbani, balaa. Mke wangu alifungua mkoba akitafuta orodha ya vitu vya dukani. Akavipanga juu ya kitanda: kiatu kimoja cha mwanamke, suruali ya mwanamume. Akasema anaomba kujua alie kwa sababu ya kipi kwanza. Nikamweleza kila kitu, hatua kwa hatua, na kumwonyesha mistari ya rula.

Akaniuliza: kwa hiyo watu wawili wanataka kupatana, na wewe mpatanishi ndiye unayewazuia? Nikamwambia siwazuii, nawaratibu. Akaondoka kwenda kuchambua mchele. Mchele ulikuwa umechambuliwa jana.

Ijumaa, 13 Juni

Jana jioni mtu asiyejulikana alimwaga gundi kwenye cherehani mbili. Leo asubuhi mtu mwingine asiyejulikana amekata kamba za shuka. Vijana wa Mzee Soli wamekuja na nyundo ambazo si za kazi. Nyundo za kazi ni ndogo. Wauza mboga wa ng'ambo wamefunga biashara saa sita mchana, wakavuka daraja kurudi kwao, na watu wa upande huu wakawapigia makofi ya kejeli.

Mkurugenzi aliniita. Aliuliza kama nina hakika hali haijazidi. Nilimwambia hali iko kama inavyotakiwa. Akarudia neno langu, "inavyotakiwa," polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akataka kujua kama nimewahi kufikisha ujumbe wowote kati ya hawa wawili. Nikasema ujumbe wote uko salama.

Wametuma wajumbe wao: watakuja kesho. Kila mmoja amekubali kwa sharti la kukaa mbali na mwenzake na karibu na mlango.

Limebaki jambo moja, muziki wa kufungulia. Nimechagua wimbo wenye ngoma na vigelegele, wa kuchangamsha. Ni lazima shemeji aupige badala ya ule muziki wangu wa tanzia, kile kinanda cha polepole ambacho kikianza tu mbwa hulala chini. Nilimwambia mke wangu amwambie kaka yake. Akakataa. Kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu, akakataa kabisa! Alisema yeye si daraja, watu wamempita juu vya kutosha. Alisema kaka yake ana masikio mawili, mimi nina mdomo mmoja, na kati yetu hakuna mto.

Nilifikiria kumwandikia shemeji karatasi. Lakini karatasi yangu ya mwisho aliikunja akazibia dirisha linalogonga. Nikafikiria kumwambia kwa mdomo. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anafunga waya, akaniona, akaacha kufunga waya. Alionekana kama anataka kusema kitu. Nikakumbuka vidato vinane. Nikageuka.

Ni fundi mwenye uzoefu. Kipindi cha amani hakifunguliwi kwa kinanda cha msiba, na mtu yeyote mwenye akili timamu anajua hilo bila kuambiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa nina hasira.

Mgeni alifika saa sita na nusu: mama wa makamo, mkimya, mwenye daftari. Nilimpenda kwa ajili ya daftari. Mzee Soli akaja amevaa suruali ndefu mno, ameikunja kwa pini. Hakukosa kunitupia jicho. Mama Pindo akaja kwa kandambili. Wakakaa wamepeana visogo. Asali akaketi pembeni bila kalamu.

Saa saba kamili. Taa nyekundu ikawaka. Nikamtikisia shemeji kichwa kupitia kioo. Naye akanitikisia. Akaniona kwenye kiti changu, saa yangu, uso wangu, akapiga kile ambacho amekipiga kila siku kwa miaka sita.

Kinanda.

Mtaalamu hasimami. Niliendelea. Lakini sauti yangu, ilipokisikia kile kinanda, ilishuka yenyewe ikaenda mahali ilipozoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nilisema: "Ndugu wasikilizaji, leo tunao Mzee Soli, mkuu wa mafundi viatu, na Mama Pindo, mkuu wa mafundi cherehani. Waliishi kwa amani kwenye kibaraza kimoja kwa miaka kumi na minane." Nimezipima sentensi hizi mara nne tangu nirudi nyumbani. Hazina kosa lolote.

Kisha nikauliza swali langu la kwanza, nini chanzo cha uhasama. Mzee Soli hakulijibu. Alisema kabla ya yote anaomba kujua kama kiatu kilifika. Mama Pindo akageuka, akauliza kiatu gani, na yeye anaomba kujua kama suruali ilifika. Mzee Soli akauliza suruali gani.

Wote wawili wakanigeukia.

Nikatangaza kwamba tunakwenda kwenye muziki. Nikamwonyesha shemeji ishara ya muziki. Alikunja mikono kifuani. Muziki haukuja.

Mama Pindo akaomba kuona mkoba wangu. Nikasema mkoba ni mali ya ofisi. Mzee Soli akauchukua, akaumwaga mezani, hewani, mbele ya mgeni: kiatu, suruali, kadi ya salamu. Asali akasema kumbe kadi yake ilikuwa huko. Mgeni aliandika kitu kirefu.

Mama Pindo akakivaa kile kiatu pale pale. Akakanyaga mara mbili, kipaza sauti kikasikia. Akasema ni kama kipya. Mzee Soli akapapasa upindo wa suruali, akasema tangu wagombane amekuwa akijikwaa. Kisha wakaelewana haraka ajabu, kwa kuwa sasa walikuwa na la kuzungumza, nalo lilikuwa mimi. Mama Pindo alisema mimi ni kama kigogo kilichoangukia mlangoni: sifungi, sifungui, nakwaza tu. Mzee Soli alisema amewahi kuona watu wanaokula rushwa na watu wanaokula njama, lakini hajawahi kuona mtu aliyekula samahani za watu. Maneno mengine siyaandiki, shajara hii huenda ikasomwa na wanangu.

Wakapeana mikono. Nilinyoosha wangu kuuweka juu, kama mpango ulivyosema. Wakaondoa yao.

Mpaka hapo ningeweza kuvumilia. Lakini tulipotoka nje, mji ulikuwa mtupu. Duka la dawa limefungwa. Mgahawa wa jirani umeachwa na sahani mezani. Tukawatafuta watu mpaka sokoni, Mkurugenzi, mgeni na wote, na tukiwa bado mbali tukasikia kilio.

Walikuwa wamejaa kibarazani. Shuka zile nne za ugomvi zimetandikwa chini, na wanawake wa pande zote wamezikalia. Viti vya mafundi cherehani na vigoda vya mafundi viatu vimepangwa mstari mmoja. Watu wa ng'ambo walikuwa bado wanamiminika darajani, wengine na masufuria kichwani. Kijana wa Mzee Soli, yule mwenye nyundo kubwa, alikuwa amelala begani kwa fundi cherehani mmoja, analia kwamba Mama Pindo aliwahi kumshonea sare ya shule asimdai chochote. Na huyo fundi cherehani alikuwa anakiri mbele ya kadamnasi kwamba ndiye aliyekata kamba za shuka zao wenyewe ili wasingizie wengine, na kwamba sasa angefurahi kunusa gundi mpaka kiama, mradi Mzee Soli arudi.

Walidhani Mzee Soli na Mama Pindo wameuana. Walikuwa wamesikia kinanda, wakasikia sauti yangu, wakasikia majina mawili na neno "waliishi". Wakazima redio. Na kwa kuwa wiki nzima walikuwa wameniona nikiingia na kutoka kila upande, walisema hata Tanzia mwenyewe alikuwa amekinusa kifo mapema.

Mama Pindo akapenya katikati ya watu kuuliza kuna nini. Watu watatu walizimia. Mmoja alipanda juu ya paa na mpaka naandika haya sijui kama ameshuka. Mafundi cherehani walikuwa wamekwisha kata sanda mbili. Mama Pindo akaitazama ya kwake kwa jicho la kitaalamu, akasema wamemkosea, hajawahi kuwa mnene kiasi hicho, na kwamba kama huu ndio ushonaji wao basi hawezi kufa kabla hajawafundisha upya. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na hakikuisha. Walipika kwa yale masufuria. Wakala pamoja mpaka jioni.

Hakuna aliyenikaribisha. Kwa hesabu yangu, kipindi changu cha kwanza cha amani kimesikilizwa kwa sentensi mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Jana sikuandika. Nilikuwa nimekasirika kupita kiasi cha kushika kalamu. Isitoshe, kalamu anayo Asali.

Mkurugenzi aliniita leo saa mbili. Kipindi cha amani kimepata watangazaji: Mzee Soli na Mama Pindo. Wenyewe! Mgeni amesema hajapata kusikia kitu kama kile, watu wawili wanaobishana kwa upendo, na kwamba kila mwenye ugomvi mjini apelekwe kwao. Asali atawasaidia kwa sababu, alisema Mkurugenzi, anajua kufikisha ujumbe wa watu. Wawili hao wamekwisha kumpa kesi ya kwanza, ya wauza mboga, naye akaifikisha siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo. Hawatadumu.

Mimi nimerudishiwa tanzia. Nimetakiwa pia kusoma tangazo kwamba Mzee Soli na Mama Pindo wako hai. Nililisoma saa saba, baada ya kinanda. Nasikia darajani watu walianza tena kulia.

Niandike kwa ajili ya kumbukumbu: nani aliyeleta amani katika mji huu? Kama ningepeleka kile kiatu Jumanne, wangepatana watu wawili. Kwa kutokipeleka kwangu umepatana mji mzima. Hakuna aliyelitazama jambo kwa upande huo.

Jioni, hodi. Shemeji, mlangoni, na ngazi begani. Ameitia kidato kipya. Akaiegemeza ukutani, akasimama anapangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi. Mke wangu akatoa chai, na ilikuwa na maziwa. Shemeji akasema, akinitazama mimi, si dada yake, kwamba siku ile aliona kidato kimevunjika chini ya mguu wake akaona aibu, ndipo likamtoka lile neno kwamba ilikuwa hivyo hivyo. Akasema, shemeji, yaishe.

Nilihesabu. Tisa. Kisha nikachukua rula. Kidato kipya kimezidi vingine upana kwa nusu kidole, na mbao yake ni ya rangi nyingine. Nikamwambia mke wangu amwambie kaka yake kwamba nimepokea ngazi, na kwamba jibu langu litafuata kwa maandishi.

Mke wangu akachukua kikombe changu cha chai akampa kaka yake. Walikunywa nje, wamekalia kizingiti, wanacheka. Sijui walichekea nini.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, nami sijakata tamaa. Nimekaa mezani na kuandika mapendekezo ya kipindi kipya cha amani, bora kuliko kile, kinachoitwa "Tusameheane Nyumbani". Kipindi cha kwanza kitamhusu mtu mmoja, jina nimelihifadhi, fundi mitambo, aliyeharibu ngazi ya mume wa dada yake. Nitakitangaza mwenyewe. Nimependekeza saa saba mchana.